Saa ya Ukutani

Barua ilifika kwa mkono, kama zilivyofika zote tangu mpaka ufungwe. Aliileta mchuuzi wa dagaa wa huko Duga, mtu ambaye kwa karibu miaka saba alikuwa akivuka kwenda Vanga na Lunga Lunga kwa njia za panya kama anayekwenda uani kwake. Karatasi imekunjwa mara nne, inanuka shombo. Ndani mistari mitatu: mpaka umefunguliwa, gari tumeazima, tutakuja Ijumaa ya Uhuru wenu na kurudi Jumapili. Chini yake mwandiko mwingine, wa kike: tuna watoto watatu sasa, msijisumbue.

Mama aliisoma, akaketi. "Msijisumbue," akarudia. Kisha akaenda kulifunua debe la mchele, akatazama ndani muda mrefu kuliko mchele wenyewe ulivyokuwa.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 1983, Tanga, kwenye kota za reli. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, mkubwa wa nyumba, kwa hiyo kila mgeni aliyekuja na watoto alikuwa mgeni wangu mimi. Watu wazima hukaribishana. Watoto wao hubwagiwa binti mkubwa.

Hawa hawakuwa wageni hasa. Kabla ya 1977 tulikaa nao ukuta mmoja. Baba alikuwa karani wa steshini, na jirani yake, ambaye sote tulimwita Ami kwa Kimombasa chake, alikuwa fundi wa injini. Wote walikula mshahara wa shirika moja la reli la Afrika Mashariki, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ni wa wapi ila kwa utani, nani Kiswahili chake ni cha kweli. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kupasuka, mabehewa yakawa yanahesabiwa upande huu na upande ule, na watu nao wakahesabiwa. Ami na mkewe, Khalati, waliondoka mwanzoni mwa 1977, siku chache tu kabla Tanzania haijafunga mpaka mwezi wa Februari. Walichukua masanduku mawili. Vingine waliviacha kwetu: kitanda cha samadari, kabati ya vyombo, na cherehani ya Khalati, Singer ya miguu. "Tuwekeeni, tutaifuata baada ya Idi." Idi ngapi zilipita hapo katikati mnaweza kuzihesabu wenyewe.

Mwezi ule wa Novemba marais watatu, Nyerere, Moi na Obote, walikutana Arusha, wakapatana juu ya mali za Jumuiya iliyokufa, na mpaka ukafunguliwa. Baba alisikia redioni wakati ananyoa ndevu. Aliacha shavu moja na povu, akaenda kusimama mlangoni. Mimi nilidhani ni furaha.

Kijana wa leo akiambiwa wageni watano walikuwa wanakuja kwa siku mbili haoni habari. Basi nimweleze. Vita vya Amin vilikuwa vimetuacha hohehahe, mafuta ya petroli yalikuwa ya kuhesabu, na katani, iliyokuwa ikiilisha Tanga nzima, haikuwa na bei tena. Sukari ilitoka kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi, ikipatikana. Unga ulikuwa yanga, ule wa mahindi ya njano kutoka Marekani, ambao ukiusonga hata paka anakutazama. Kwenye foleni ya duka la ushirika hukupanga mwili, ulipanga jiwe. Mimi nilikuwa na jiwe langu, jeusi lenye mstari, na nililijua katikati ya mawe mia. Na juu ya yote hayo, tangu Machi mwaka ule kulikuwa na kampeni ya wahujumu uchumi. Watu walipekuliwa majumbani. Tulisikia za waliotupa katoni za sabuni baharini usiku kwa hofu, na asubuhi watoto wa Bandarini wakaokota vipande vilivyolainika.

Kwa jiwe langu, na kwa kibali cha Mzee Balozi, tukapata sukari nusu kilo. Mama akaifunga ndani ya kitambaa, akakitia ndani ya sufuria, na sufuria juu ya kabati. Kabati ya Khalati.

Ijumaa tarehe 9 Desemba, jua likiwa limeshaanza kuegemea, Peugeot 404 nyeupe ikaingia kota ikiwa nyekundu. Vumbi la Horohoro. Enzi hizo ile barabara ilikuwa makorongo matupu mpaka Amboni. Khalati akashuka kabla gari haijasimama sawasawa, akamkumbatia Mama, wakawa wanalia na kucheka na kupigana migongoni. Nyuma wakateremka watoto: mvulana wa miaka sita na soksi nyeupe, msichana wa miaka minne aliyekuwa ametapika njia nzima na bado ananitazama kama mimi ndiye niliyeitengeneza barabara, na kitoto cha miezi tisa, ambacho kwa siku tatu zilizofuata kiliishi juu ya nyonga yangu.

Baba hakuwa akiwatazama watu. Alikuwa akitazama juu ya gari. Kulikuwa na keria tupu, na juu yake imefungwa vizuri, imeviringwa, kamba mpya ya nailoni ya bluu.

"Kamba ya nini hii, bwana?"

"Ya cherehani," Ami akacheka. "Mama watoto ameniambia nisirudi bila hiyo."

Baba naye akacheka. Nakumbuka kwa sababu alicheka peke yake kitambo baada ya mwenzake kunyamaza.

Cherehani haikuwapo. Sisi watoto tuliambiwa imekwenda kwa fundi, na ilikuwa huko kwa fundi tangu mwaka 1981. Hakuna aliyeuliza ni fundi gani. Nyumba ya dhiki huwafundisha watoto adabu ya namna yake: kipo kitu unakijua, na unajua kwamba hukijui.

Buti ya gari ilipofunguliwa, Mama alishika mdomo. Makopo ya Kimbo, Blue Band, Omo, miche ya sabuni, sukari mifuko mitano ya kilo mbili mbili, unga wa ngano, na mkate uliokatwa vipande tayari. Wadogo zangu waliukodolea macho ule mkate, maana hatukujua kuwa kuna mahali mkate hukatwa na wenyewe wauzao. Baba akatazama barabarani, kulia na kushoto. "Ingizeni ndani," akasema kwa sauti ya chini. "Mlango ufungwe." Vikapangwa chini ya kitanda cha samadari, na shuka ikateremshwa mpaka sakafuni.

Usiku ule kaskazi haikuvuma kabisa. Joto lilikuwa la kukamua. Tulitandika mikeka uani, watoto sita mstari mmoja chini ya vyandarua viwili vilivyoungwa kwa pini, na mvulana wa Mombasa akauliza televisheni iko wapi. Kaka yangu mdogo akamwambia iko kwa fundi.

Jumamosi nilikabidhiwa jeshi zima niende nalo Raskazone. Ilikuwa maji mafu, kwa hiyo bahari haikwenda mbali wala haikuja kwa fujo, na hilo lilinifaa, maana mtu mwenye kitoto kiunoni hawezi kumkimbiza mwingine majini. Njiani ndipo ulipozuka ugomvi wa uhuru. Kaka yangu alisema jana ilikuwa Uhuru. Mvulana wa Mombasa akasema hapana, Uhuru bado, Uhuru ni keshokutwa, tarehe 12, na mwaka huu ni wa ishirini na kutakuwa na ndege. Kaka akamwambia mwongo, uhuru umeshapita. Yule akamwambia wenu ndio umepita. Akanyosha kidole juu, akapiga kelele "Nyayo!" kwa nguvu zake zote, katikati ya barabara. Wadogo zangu hawakukubali kushindwa. "Zidumu fikra za Mwenyekiti wa Chama!" "Zidumu!" "Nyayo!" "Zidumu!" Hivyo hivyo mpaka ufukweni, na mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akatuuliza sisi ni mkutano wa nani.

Majini waliyasahau yote. Mvulana alivua soksi zake nyeupe, akazijaza mchanga, akawa na mabomu mawili. Msichana hakuingia. Alikaa ukingoni akakusanya kome na simbi, akazipanga safu safu juu ya jani la mkungu, akawa anasema peke yake: hii shilingi, hii shilingi mbili. Baba yake mdogo alikuwa na duka Majengo, Mombasa, na mtoto alikuwa ameona biashara kabla hajaona kitu kingine.

Niliwarudisha alasiri, wamechoka, wamebabuka pua. Mama na Khalati walikuwa jikoni wakikuna nazi, mbuzi wawili, magoti yakigusana. Nilipoingia kuchukua maji nikasikia.

"Na ile cherehani yangu i wapi, shoga?"

"Iko kwa fundi."

Sauti ileile, maneno yaleyale tuliyokuwa tukipewa sisi. Khalati akasema "Aa," akaendelea kukuna. Kifuu kilikuwa kimekwisha nyama, akawa anakuna gome.

Ikabaki saa moja ya mwanga. Mimi nilikuwa nakiogesha kitoto kwenye beseni, nikaacha kuwaangalia wengine. Ndipo Mzee Balozi alipopiga hodi. Alikuja kwa haki yake: mgeni akilala kwako, balozi lazima amwandike. Daftari kwapani, kalamu sikioni. Baba akatoka chumbani mbio, akamkaribisha barazani, na wote watatu, Baba, Ami na Mzee Balozi, wakasimama hapo hapo wasiseme neno.

Mlangoni, juu ya hatua ya juu kabisa, msichana wa Mombasa alikuwa amefungua duka. Alikuwa ameingia chini ya samadari na kutoa alivyoweza kuvibeba. Miche minne ya sabuni imepangwa kama alivyopanga simbi, kopo la Kimbo katikati, na pembeni Omo. Amejifunga kanga ya Mama kifuani, ameketi wima.

"Karibu babu," akasema. "Wataka nini?"

Mzee Balozi alikuwa mtu mkali. Wiki mbili kabla alikuwa amesimama na wanamgambo kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu wakati magunia yanatolewa nje. Alimtazama mtoto, akatazama sabuni. Nilimwona akilamba midomo. Nadhani yule mzee, na mkewe, na wajukuu wake waliokuwa wanne, walikuwa hawajaona mche mzima kwa miezi, maana tulikuwa tukifulia majivu na maji ya mapapai.

"Sabuni bei gani, mwanangu?"

"Shilingi."

"Shilingi moja?"

"Moja. Mkopo hakuna."

Ami akatoa sauti kama mtu aliyepaliwa. Mzee Balozi akajipapasa mfuko wa kanzu, ule na huu. "Leo sina. Utanikopesha mpaka Jumatatu?"

Mtoto akafikiri. "Haya. Lakini wewe tu."

Mzee Balozi akachukua mche mmoja, akautia ndani ya daftari, akalifunga. Halafu akaketi, akaandika majina ya wageni, taratibu, na mahali watokapo, na siku ya kuondoka, Jumapili. Aliporudi kwake daftari lilikuwa limevimba, na hakuna aliyelitazama. Kuanzia saa ile yule msichana tulimwita Bi Shilingi, na sidhani kama jina limemwachia.

Usiku wa Jumamosi niliamka kwa kiu. Ndani kulikuwa na mwanga mdogo wa koroboi. Baba alikuwa amesimama juu ya kigoda sebuleni, amefungua kioo cha saa ya ukutani.

Lazima niseme neno juu ya Baba na saa. Mtu wa reli haishi kwa jua. Baba alikuwa akizitia saa zetu funguo kila Jumapili baada ya kusikiliza milio ya redio, na mtu akisema "kama saa tatu hivi" alimsahihisha. Saa ile ya ukutani majirani walikuja kuulizia, na treni ya asubuhi ilipochelewa alikuwa anaona haya kana kwamba yeye ndiye behewa.

Nilimwona akiurudisha mshale mkubwa nyuma kwa kidole. Nusu saa. Akafunga kioo, akashuka, akageuka, akaniona. Hakusema kitu. Akaweka kidole mdomoni, kidole kilekile, akazima koroboi.

Basi sheria ilikuwa hii: magari ya watu binafsi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kubana mafuta. Wageni walijua. Mpango wao ulikuwa kuondoka saa tano, wawe wameshavuka Horohoro kabla ya saa nane, na gari la watu lirudi kwa mwenyewe jioni ileile kama walivyoahidi. Kwa ile barabara, na mtoto wa kutapika, hapakuwa na dakika ya kuchezea.

Asubuhi Baba alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alitaka chai ya pili, akataka Ami akaone embe bolibo nyuma ya karakana. Saa ya ukutani iliposema saa nne na nusu, Mama akaanza kupakua wali wa nazi na changu wa kupaka, mapema, eti wasiende na njaa. Ami alikaa mkekani, akakunja mkono wa shati kunawa. Alikuwa na saa ya mkononi. Nilikuwa nimemshikia birika na beseni, kwa hiyo niliona. Aliitazama ile ya mkononi. Akainua macho, akaitazama ya ukutani. Akamtazama Baba, aliyekuwa anachambua miba ya samaki wa mtu mwingine. Kisha akaifungua saa yake mkononi, akaitia mfukoni, akasema, "Wali huu umepikwa na nani? Niongezeeni."

Waliinuka kwenye ule mkeka saa saba kasoro, za kweli. Khalati alipojua akapiga makofi: "Wanaume nyinyi wawili mmezeeka!" Ila hakukasirika sana. Kesho yake kwao ilikuwa sikukuu.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya mapenzi ya marafiki: mtu aliyeishi kwa dakika akadanganya saa ili ampate mwenzake usiku mmoja zaidi. Niliwahi hata kuisema kwenye hitima ya Baba, na watu wakafuta machozi. Mama alikuwa upande wa wanawake, akaningoja mpaka watu wametawanyika. "Hukusikia yale ya baadaye?" Nilikuwa nimesikia, lakini vipande, na kwa akili ya kitoto nilivitia kwenye kapu jingine. Yeye ndiye aliyeviunga.

Baba alikuwa na siku mbili za kuyasema, na hakuyasema. Alikuwa ameapa atayasema Ijumaa usiku. Akaona afadhali Jumamosi asubuhi. Kila alipofungua kinywa aliiona ile kamba ya bluu juu ya gari. Jumapili ilipofika akawa hana muda tena, basi akautengeneza.

Yalisemwa uani baada ya isha. Sisi tulikuwa mikekani, kitoto kimelala kifuani kwangu kikitoa jasho. Mwezi ulikuwa nusu. Watu wazima wanne walikuwa kwenye viti upande wa mlimao.

"Ndugu yangu," Baba akasema, "ile cherehani tuliiuza."

Kimya. Nikasikia mtu anaweka kikombe chini.

"Mwaka wa 1981," Mama akadakia, kwa haraka, kama anayetapika. "Watoto walikuwa hawana kitu. Na kitanda tulikuwa tukiuze, na kabati, ila..." Hakumaliza.

"Nlijua tangu nlipoingia," Khalati akasema. "Mahali pake pameota kiti."

Kimya tena, kirefu. Nilidhani wamekwenda ndani.

"Mliiuza kwa kiasi gani?"

"Magunia mawili ya mahindi."

"Magunia mawili?" Kiti kikalia. "Singer ya miguu? Na meza yake?"

"Na meza yake."

"Shoga, mlipunjwa!"

Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Nadhani ni Ami, maana alikuwa na kicheko cha kukohoa. Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta, ukuta uleule waliokuwa wakigonga wao zamani. Baba hakucheka. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake, na Ami amemwekea mkono begani, na mkono ule ulikaa hapo mpaka mimi nikalala.

Sitaki kusema kwamba haikumuuma Khalati. Mama aliniambia asubuhi alimkuta amesimama sebuleni, mguu mmoja ukikanyaga sakafu taratibu, kisigino na vidole, kisigino na vidole, mahali ilipokuwa pedali.

Jumatatu walipakia alfajiri. Balozi alikuwa amesimama njiani, kanzu imefuliwa. Akamwita Bi Shilingi dirishani, akamtilia kiganjani shilingi ya kweli, yenye mkono ulioshika mwenge. Mtoto akaigeuza, akamkuta Nyerere. "Hii si ya kwetu," akasema. Lakini alifumba kiganja.

Gari lilipoondoka Baba aliingia ndani, akapanda kigoda, akaisogeza saa mbele nusu saa. Keria ilikuwa tupu. Kamba ya bluu waliiacha, na Mama akaifunga uani, kutoka mlimao mpaka nguzo ya bafu. Tuliianikia nguo mpaka siku tuliyohama kota.